Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi: wazazi huamuaje?

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa Tanzania nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. HPV ni kirusi kinachoenezwa kwa kujamiiana, nacho ndicho chanzo kikuu cha saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini mwetu.

Wazazi wanaokataa mara nyingi hawasukumwi na imani, bali wanaogopa utasa. Uvumi huo hupata nguvu kwa mambo wanayoyaona wenyewe: wanachanjwa wasichana tu, wa umri fulani tu, tena bure. Mzazi anayeshangaa hivyo si mjinga; apewe jibu. Ni wasichana kwa kuwa ndio wenye mlango wa kizazi. Ni umri mdogo kwa kuwa chanjo hukinga kabla kirusi hakijaingia, haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Ni bure kwa kuwa serikali husaidiwa na GAVI, kama ilivyo kwa chanjo nyingine za watoto.

Wapo pia wasemao, "Binti yangu nimemlea kwa maadili, haimhusu." Hapa kamati isione haya kusema wazi: binti aliyejitunza mpaka siku ya ndoa anaweza kuambukizwa na mumewe, ambaye naye hajui kuwa anacho.

Lakini tusiwatwishe wazazi lawama zote. Katika mradi wa majaribio wa Mwanza mwaka 2010 na 2011, uliohusisha shule za msingi 134, wasichana waliokosa chanjo kwa kutokuwepo shuleni walikaribia kulingana na wale ambao wazazi wao walikataa: kila kundi kama 6 au 7 katika kila 100. Taarifa ikifika jana yake, baba akiwa safarini, mama husita kuamua peke yake, na binti hubakizwa nyumbani.

Hivyo tarehe itangazwe mapema katika jumuiya ndogo ndogo, akina baba wakiwepo, na mhudumu wa zahanati aalikwe kujibu maswali. Kwa wafadhili wetu: nauli ya mhudumu huyo ina faida kuliko fulana na mabango. Aliyekosa siku ya shule apelekwe zahanati kabla hajatimiza miaka 15.