Mizani ya Kodi na ya Habari

Surat Al-Mutaffifin yawaonya wapunjao vipimo. Nasi twaiulizia mizani ya nchi yetu. Julai 2023, kodi ya VAT kwenye petroli na dizeli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Kiwango ni kimoja kwa mwenye majumba na kwa mama wa Likoni auzaye mahamri, ambaye huilipa ndani ya nauli ya matatu. Uzito ndio usiolingana. Katiba, kifungu cha 201, yataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 34 chataka vyombo vya habari vya serikali visipendelee upande, na viwape nafasi wenye maoni tofauti. Wengi wetu twaona KBC huwatanguliza wakubwa. Mama yule pia hulipa kodi. Naye na asikizwe.