Skrini ya kompyuta ikizimika mara kwa mara: angalia taa yake kabla ya kumlipa fundi

Mkazi wa Gesima anayejaza fomu ya mkopo wa HELB, anayechagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS au anayewasilisha ripoti yake ya kodi kabla ya Juni 30 anaweza kukwamishwa na jambo dogo. Skrini ya kompyuta inazimika, inawaka, kisha inazimika tena. Mwenye saiba hupoteza wateja, na mwanafunzi hupoteza muda. Wengine hukimbilia kununua skrini nyingine, ilhali chanzo huwa waya uliolegea au mpangilio ambao mtu anaweza kuurekebisha mwenyewe kwa dakika chache.

Jambo la kwanza ni kukumbuka kwamba skrini si kompyuta. Ikizimika, kompyuta yenyewe kwa kawaida huendelea kufanya kazi, na faili zote zimo ndani yake. Kwa hivyo usikimbilie kuchomoa plagi ukutani, maana hapo ndipo kazi hupotea. Sikiliza kama feni ya kompyuta bado inazunguka. Ikiwa ulikuwa ukiandika barua au ripoti, bonyeza Ctrl na S kwa pamoja ili uihifadhi, hata kama huoni kitu. Ikiwa feni nayo imenyamaza, tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye umeme wa nyumba.

Kisha tazama ile taa ndogo iliyo karibu na kitufe cha kuwashia skrini.

Taa imezimika kabisa

Hapa umeme haufiki kwenye skrini. Zima swichi ya ukutani, kisha chomoa waya wa umeme na uurudishe kwa nguvu, upande wa skrini na upande wa soketi. Jaribu soketi nyingine bila kupitia ekstensheni. Ekstensheni iliyochakaa hukata umeme kila meza inapotikiswa. Plagi ikiwa ya moto, au ina alama nyeusi za kuungua, usiitumie tena.

Ikiwa skrini inatumia adapta, linganisha volti zilizoandikwa kwenye adapta na zile zilizoandikwa nyuma ya skrini. Adapta ya volti 12 haiwezi kuwekwa mahali pa adapta ya volti 19 kwa sababu tu kichwa chake kinaingia. Vilevile, umeme wa Kenya ni volti 240. Anayenunua skrini ya mtumba asome kibandiko cha nyuma kwanza. Kikiandikwa 100-240V, skrini inafaa.

Walio na kifaa cha kulinda televisheni au friji wakumbuke kwamba kifaa hicho hukata umeme unaposhuka au kupanda kupita kiasi, kisha husubiri nusu dakika au zaidi kabla ya kuurudisha. Ikiwa skrini huzimika na kurudi baada ya muda uleule kila mara, huenda skrini ni nzima na kinachoyumba ni umeme. Uliza jirani kama taa zake pia zinafifia. Zikififia, pigieni Kenya Power kwa nambari 97771.

Taa imebadilika rangi au inawaka na kuzima

Umeme upo, lakini picha haifiki, au kompyuta imelala. Tikisa kipanya au bonyeza kitufe chochote cha kibodi. Picha ikirudi, ni mpangilio wa kuokoa umeme. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua Settings, kisha System, kisha Power, uongeze dakika ambazo skrini inasubiri kabla ya kuzimika. Angalia pia menyu ya skrini yenyewe, kwa sababu baadhi ya skrini zina saa ya kujizima.

Picha isiporudi, au maneno No Signal yakitokea, kagua waya wa picha unaotoka kwenye kompyuta. Waya wa VGA una skrubu mbili pembeni. Zikaze kwa vidole. Waya wa HDMI hauna skrubu, kwa hivyo hulegea upesi. Ikiwezekana, azima waya mwingine. Kisha unganisha skrini hiyo na kompyuta nyingine. Ikifanya kazi vizuri huko, skrini haina kosa, na fundi achunguze kompyuta.

Taa haijabadilika, lakini skrini ni nyeusi

Mulika skrini kwa tochi ya simu ukiwa karibu. Ukiona picha hafifu, taa ya ndani inayoangaza skrini imekufa. Skrini za zamani zenye tatizo hili huwaka kwa sekunde chache tu kisha huwa nyeusi. Inayozimika baada ya kupata joto yaweza kuwa imezibwa matundu ya nyuma kwa vumbi au kitambaa. Izime, iache ipoe, pangusa matundu kwa brashi kavu na uisogeze mbali na ukuta.

Usifungue skrini. Ndani mna kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na zinaweza kumjeruhi mtu vibaya. Kazi hiyo ni ya fundi. Mweleze taa ilikuwa ya rangi gani, skrini huzimika baada ya muda gani, na ni nyaya zipi umejaribu. Maelezo hayo yatamwongoza, nawe hutalipishwa kwa kubadilishiwa vitu ambavyo havijaharibika. Uliza gharama kabla kazi haijaanza, uilinganishe na bei ya skrini ya mtumba.

Eneo la Kisii na Nyamira hupigwa na radi nyingi, hasa alasiri. Mawingu yakitanda, hifadhi kazi yako, zima kompyuta na uchomoe plagi pamoja na waya wa intaneti. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Fanya hivyo kabla radi haijafika. Ikiwa tayari inapiga, usiguse nyaya hizo. Stima ikipotea, chomoa pia, na usubiri itulie kabla ya kuunganisha tena.

Skrini iliyokufa isitupwe shambani wala kuchomwa pamoja na takataka. Zile nene za zamani zina risasi kwenye kioo, na nyingi za bapa za zamani zina zebaki katika taa zake. Sumu hizo huingia kwenye udongo na mito. Iweke mahali pakavu, mbali na watoto, na uulize katika ofisi ya msimamizi wa wadi mahali pa kuipeleka. Fundi naye anaweza kuihitaji kwa vipuri.