Kibarua Akiumia Kiwandani, Familia Yake Ina Haki Gani?

Familia nyingi za Obunga, Manyatta na Nyalenda, pamoja na zile za maeneo ya sukari ya Muhoroni, Chemelil na Kibos, hutegemea mapato ya mtu mmoja anayefanya kazi kiwandani. Kodi ya nyumba, karo na unga hutoka hapo. Akikatwa vidole na mashine, akiungua kwa mvuke au akifariki kazini, nyumba nzima huyumba. Hata hivyo, wapo wasiodai chochote, wakiamini kwamba kibarua asiye na barua ya kuajiriwa hana haki. Hiyo si kweli.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 humlinda anayeajiriwa kwa ujira, awe wa kudumu au kibarua. Si lazima athibitishe kwamba mwajiri alizembea. Muhimu ni kuonyesha kwamba aliumia akiwa kazini. Safari ya kwenda au kutoka kazini katika gari ambalo mwajiri ametoa bila nauli pia huhesabiwa.

Fidia ni kiasi gani?

Mfanyakazi aliyelemaa kabisa na kwa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96. Ulemavu ukiwa wa sehemu, fidia hupungua kulingana na asilimia iliyokadiriwa. Akifariki, wategemezi wake hulipwa mapato ya miezi 96. Kwa mfano, familia ya aliyekuwa akipata Sh15,000 kwa mwezi inastahili Sh1,440,000. Gharama za matibabu na gharama za kiasi za mazishi ni juu ya mwajiri.

Hatua za kufuata

1. Mjulishe mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Naye anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, au saa 24 iwapo mtu amefariki.
2. Hakikisha fomu ya DOSH/WIBA 1 imejazwa na mwajiri pamoja na daktari. Weka nakala, risiti na karatasi zote za hospitali.
3. Wasilisha dai ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali au kifo. Matanga na majonzi yasiifanye familia ipitwe na muda huu.
4. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, andika pingamizi ndani ya siku 60. Baada ya hapo unaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Kisumu.

Madai haya huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu huo Desemba 2019.

Kama hakuna barua ya kazi

Weka jumbe za M-Pesa za malipo, kadi ya kuingilia getini na majina ya wenzako wa zamu. Mweleze mwenzi wako au mtu mwingine wa nyumbani unakofanya kazi na jina la msimamizi wako. Siku ya ajali, huenda yeye ndiye atakayelazimika kudai haki kwa niaba yako.