Mpangaji na Mwenye Nyumba: Kupatana Bila Malipo

Ugomvi wa nyumba unaweza kumaliza mshahara kabla haujafika kwa hakimu. Huko Ufaransa, sheria ya tarehe 6 Julai 1989 inaweka baraza la usuluhishi katika kila jimbo. Wajumbe ni nusu kwa nusu: wa vyama vya wapangaji na wa vyama vya wenye nyumba, mfano wa kamati ya wafanyakazi na mwajiri. Hakuna ada, wala si lazima kuwa na wakili.

Tuseme mpangaji amehama, ameacha anwani yake mpya, na nyumba imekaguliwa ikaonekana nzima, lakini amana yake hairudi. Sheria inampa mwenye nyumba mwezi mmoja. Pakiwa na uharibifu, miezi miwili. Akichelewa, kila mwezi unaoanza humwongezea deni la asilimia 10 ya kodi ya mwezi.

Mpangaji hulipelekea baraza barua ya rejesta pamoja na nakala za mkataba, stakabadhi na hati za ukaguzi. Pande zote mbili huitwa. Wakipatana, hutia sahihi mapatano yao. Wasipopatana, baraza hutoa maoni, ambayo yaweza kuonyeshwa hakimu. Muda wake ni miezi miwili.

Lakini baraza si mahakama. Haliwezi kumlazimisha mtu. Tena mpangaji asizuie kodi wakati shauri linaendelea, asije akampa mwenye nyumba fimbo ya kumpigia.

Nasi tujifunze: stakabadhi ya leo ndiyo shahidi wa kesho. Tuzitunze.