Kaboni ya mbabula na hesabu ya Genova

Mwanafunzi anayeanza kemia ya jumla mjini Kamina, Kongo, hukuta katika silabasi yake kwamba maji ni H₂O, kaboni ni 12 na oksijeni ni 16. Anakariri, anaandika mtihani, anapita. Muulize ni nani aliyeweka atomu moja ya kaboni kwenye mizani akapata 12: atanyamaza, na ana haki ya kunyamaza, kwa kuwa siku zile namba hiyo inatafutwa hakuna aliyeweza kuipima atomu moja. Ilipatikana kwa hoja, na aliyeipanga hoja hiyo vizuri kuliko wote alikuwa mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa akitayarisha kozi yake mjini Genova, mwaka 1858.

Kwa hiyo kozi ya utamaduni wa Italia na kozi ya kemia ya mwanzo, ambazo kwa kawaida hukaa katika vitivo visivyosalimiana, zina sura moja ya pamoja. Sura hiyo inamfaa hasa anayesoma mahali penye chaki nyingi kuliko mirija ya kioo.

Tuanze na tatizo lenyewe. Gramu moja ya hidrojeni huungana na karibu gramu 8 za oksijeni kutengeneza maji. Mwingereza John Dalton alidhani kila chembe ya maji ina atomu moja ya hidrojeni na moja ya oksijeni, basi kwa dhana hiyo oksijeni ina uzito wa karibu 8. Lakini kama atomu za hidrojeni ni mbili, oksijeni inakuwa 16. Mizani peke yake haiwezi kuamua. Ili ujue uzito wa atomu unahitaji fomula, na ili ujue fomula unahitaji uzito wa atomu. Wanakemia walizunguka humo miaka hamsini. Mwaka 1861 Mjerumani August Kekulé alichapa orodha ya fomula 19 zilizokuwa zimependekezwa kwa asidi moja tu, ile ya siki.

Ufunguo ulikuwapo tangu 1811. Amedeo Avogadro, mzaliwa wa Torino aliyesomea sheria kabla ya kuhamia fizikia, alikuwa akifundisha Vercelli. Alijua kwamba lita mbili za hidrojeni na lita moja ya oksijeni hutoa lita mbili za mvuke wa maji. Akasema: gesi zenye ujazo sawa, joto sawa na mgandamizo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Kama ni hivyo, molekuli za lita moja ya oksijeni zimetosha kugawiwa lita mbili za mvuke. Basi kila molekuli ya oksijeni imekatika vipande viwili. Ndiyo asili ya ile 2 ndogo katika O₂.

Wakati ule Italia haikuwa nchi moja. Piemonte, kwao Avogadro, ilikuwa chini ya Napoleon, naye aliandika makala yake kwa Kifaransa, ikachapwa Paris. Msomaji wa Kamina, anayeongea Kiluba nyumbani na Kiswahili sokoni kisha akaandika mtihani kwa Kifaransa, hahitaji kuelezwa hali hiyo. Baadaye Avogadro alipewa kiti cha ualimu Torino. Kikafungwa mwaka 1822, baada ya uasi wa mwaka uliotangulia, naye akarudishiwa 1834. Alifariki 1856, wazo lake bado limewekwa kando na wengi.

Aliyeliokota ni Stanislao Cannizzaro, mzaliwa wa Palermo. Kijana huyu aliingia katika uasi wa Sicilia wa 1848 dhidi ya wafalme wa Bourbon. Uliposhindwa akakimbilia Ufaransa, kisha akapata kazi Piemonte. Alipohamia Genova mwaka 1855 hakukuta maabara ya kumfaa. Miaka mitatu baadaye alimwandikia rafiki yake Sebastiano de Luca, profesa wa Pisa, barua ya kumweleza jinsi anavyoipanga kozi yake.

Njia yake unaweza kuifuata kwa kalamu. Ipe molekuli ya hidrojeni uzito 2. Gesi nyingine yoyote, ilinganishe na hidrojeni ya ujazo uleule: ikiwa nzito mara 14, molekuli yake ni 28. Sasa chukua gesi zenye kaboni. Gesi yenye sumu ya mbabula (jiko la makaa), inayoua watu waliolala na makaa yanayowaka huku mlango umefungwa, ina uzito 28, na asilimia 43 yake ni kaboni: 12. Gesi tunayoitoa puani ni 44, kaboni asilimia 27: 12. Gesi inayopanda kwa mapovu kwenye matope ya vinamasi, kama vile vya Upemba, ni 16, kaboni asilimia 75: tena 12. Gesi inayoivisha ndizi ni 28, kaboni asilimia 86: 24. Propilini ni 42, kaboni asilimia 86: 36.

Hutapata 7, wala 18. Kila mara ni 12 au 12 iliyozidishwa. Basi 12 ndiyo kaboni ndogo kabisa inayoingia katika molekuli, na hiyo ndiyo atomu yake.

Septemba 1860, mwaka uleule Garibaldi, mpigania umoja wa Italia, aliposhuka Sicilia na majeshi yake, wanakemia wapatao 140 walikutana mjini Karlsruhe, Ujerumani. Walibishana wakaachana bila kuafikiana, lakini Angelo Pavesi wa Pavia aliwagawia nakala za barua ya Cannizzaro. Mrusi Dmitri Mendeleev alikuwamo mkutanoni. Mwaka 1869 alipopanga elementi kwa uzito wake, alikuwa na uzito wa kuaminika wa kupangia.

Upande wa fasihi nao una mwanakemia wake. Primo Levi wa Torino, aliyenusurika katika kambi ya Auschwitz, alitoa mwaka 1975 kitabu cha sura 21, kila moja ikiwa na jina la elementi. Sura ya mwisho ni ya kaboni.

Hesabu za Genova haziondoi haja ya maabara: Cannizzaro mwenyewe alitegemea vipimo vya watu waliokuwa na vyombo. Ila zinamwonyesha mwanafunzi kwamba namba iliyo ubaoni inaweza kudaiwa ushahidi. Ajaribu nitrojeni. Amonia ni 17, nitrojeni asilimia 82. Oksidi ya nitriki ni 30, nitrojeni asilimia 47. Oksidi ya nitrasi ni 44, nitrojeni asilimia 64. Nitrojeni ya hewani ni 28, yote nitrojeni. Afunge silabasi, atafute uzito wa atomu, kisha aeleze kwa nini gesi hiyo ya mwisho huandikwa N₂.