Kiroboto wa Donne hatongozi mtu

Swali limenifikia tena muhula huu, safari hii kwa simu, saa nne za usiku: “Mwalimu, nimtumie shairi gani la John Donne ili alainike?” Wameniuliza wanafunzi, ameniuliza bwana harusi mmoja, na mjomba wangu mjane naye kaniuliza. Jibu ni lile lile: hakuna.

Imani inayonichosha ni kwamba washairi hawa wa Uingereza, wanaoitwa wa kimetafizikia, walikuwa mafundi wa kutongoza na kwamba tungo zao zilikuwa barua. Basi usome The Flea (Kiroboto) la Donne mpaka mwisho. Mwanamume anamwonyesha mwanamke kiroboto aliyewauma wote wawili. Damu zetu zimeshachanganyikana humo tumboni, anasema, na hakuna aliyeona haya. Sasa wewe unaninyima nini? (Tiba ya zama zile iliamini kuwa watu wakilala pamoja, damu zao huchanganyika; bila kujua hilo mzaha wote unapotea.) Ubeti wa pili kiroboto keshakuwa kitanda cha ndoa, keshakuwa hekalu, tafadhali usimuue. Mwanamke anamuua, kwa ukucha, katika nafasi tupu kabla ya ubeti wa tatu, na maneno yake tunayasikia kwa kinywa cha mwanamume tu. Sisi tuliozoea malumbano ya washairi kama Muyaka tunajua shairi hujibiwa kwa shairi. Huyu amejibu kwa ukucha, na amejibu vizuri. Ndipo jamaa anageuza maneno: kumbe kifo cha kiroboto hakijakupunguzia kitu, basi na heshima utakayopoteza kwangu ni kiasi hicho hicho.

Hivyo ndivyo anavyosema wakili kesi inapomponyoka. Donne alikwenda Lincoln's Inn, London, mwaka 1592 kusomea sheria, na tungo zake zilizunguka kwa hati za mkono miongoni mwa marafiki. Kitabu kilichapwa 1633, yeye akiwa kaburini miaka miwili. Waliolengwa kucheka walikuwa wanaume wenzake, waliojua hoja mbovu wakiiona. Hata kiroboto si wake: mwaka 1579 huko Poitiers, Ufaransa, mwanasheria Étienne Pasquier alimwona mmoja kifuani mwa mshairi Catherine Des Roches, na wasomi wakashindana kumtungia mdudu. Catherine mwenyewe akatunga.

Andrew Marvell naye, mwingine wa kundi hilo, katika To His Coy Mistress, lililochapwa 1681 baada ya kifo chake, anajenga hoja ya ngazi tatu: tungekuwa na muda usiokwisha, kuringa kwako kusingekuwa kosa; lakini muda hatuna; kwa hiyo njoo. Ni sawa na kusema: mvua ingenyesha, njia ingelowa; haikunyesha; kwa hiyo njia ni kavu. Na bomba lililopasuka je? Kisha katikati anamtajia mwanamke funza wa kaburini. Haya, mtumie!

Unataka kujua Donne alipopenda kweli ilikuwaje? Alimwoa Anne More kwa siri mwaka 1601, baba mkwe akamtia jela, kazi ikaota mbawa.

Sasa, kwa haraka, maana nafasi inakwisha. Ukiyasoma mashairi haya, yasome kwa sauti. Pigia mstari kila “kama”, “lakini” na “kwa hiyo”, kisha tafuta tundu. Jiulize mwanamke anafanya nini wakati mwanamume anasema. Ukichoka na hila, nenda kwenye A Valediction: Forbidding Mourning, lile la bikari, ambamo hakuna anayeombwa chochote kitandani. Na kama una mtu moyoni, mwandikie maneno yako mwenyewe, hata yakichechemea.

Mjomba hakunisikiliza, alituma kiroboto. Mama aliyetumiwa alimjibu kwa kumuuliza mara ya mwisho alianika godoro lini.