Kujitayarisha Kupiga Picha za Zefe kwa Mara ya Kwanza



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila ufikapo Mfunguo Sita mji wetu wa Lamu hujaa wageni wa Maulidi. Siku ya mwisho, baada ya swala ya Alasiri, watu huzuru kaburi la Habib Swaleh, muasisi wa Msikiti wa Riyadha, kisha hutoka kwa zefe wakipita mjini kwa matari, qasida na bendera.

Mwaka jana tuliwakabidhi wanafunzi wawili kamera ya madrasa bila ya kuwaelekeza. Walirudi na picha zaidi ya mia mbili, nyingi zikiwa za migongo ya watu. Kanzu zilitoka za kijivu na nyuso zimeingia giza. Mwalimu wetu mkongwe, aliyetembea mbele ya watoto, hakuonekana hata katika picha moja. Miezi mitatu baadaye alitangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Wajukuu zake walipokuja kuomba picha yake ya siku ile, tulikosa la kuwapa. Kosa halikuwa la vijana, lilikuwa letu sisi tuliowatuma. Kwa hiyo mwaka huu tumeonelea tuandike haya mapema.

Kwanza, tembeeni njia yote siku moja kabla, saa ile ile ya zefe. Alasiri jua huwa nyuma ya mji, na kivuli cha majumba huanza kulalia njia ya ufukoni huku maji yakiwa bado yanang'ara. Mkimpiga mtu picha na bahari iko nyuma yake, uso wake utakuwa mweusi. Ni bora kusimama mbele ya zefe, mkiitazama inavyokuja. Vichochoroni hakuna nafasi ya kurudi nyuma, basi chagueni baraza iliyoinuka na mumuombe mwenye nyumba ruhusa mapema. Msisahau punda, naye ana haki ya njia.

Pili, ifahamuni kamera. Kamera hukisia mwanga kwa kudhani kuwa kilicho mbele yake si cheupe wala si cheusi, bali ni cha wastani. Ikikutana na safu ya kanzu nyeupe hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Hiyo ndiyo sababu ya kanzu zetu kutoka za kijivu. Dawa yake ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa: ongezeni hatua moja, kisha mtazame kama mikunjo ya kanzu bado inaonekana. Kwa simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kupiga. Kwa watu wanaotembea, kasi ya 1/250 ya sekunde yatosha. Kwa wanaocheza na bakora, 1/500. Kichochoroni pandisheni ISO hadi 800 au zaidi. Jaribuni haya nyumbani, mkimpiga ndugu yenu aliyevaa kanzu akitembea uani.

Tatu, andikeni orodha ya watu na mambo yasiyofaa kukosekana: walimu, wazee, wapiga matari, bendera yetu, na kila darasa. Wazee watangulie katika orodha. Betri ijazwe usiku, na kadi iwe tupu.

Nne, na hili ndilo kubwa, picha ni amana. Wanazuoni wamekhitalifiana katika hukumu ya picha, na wapo wazazi wasiopenda watoto wao wapigwe. Waulizeni kabla ya siku, na jina la asiyetaka liandikwe. Msielekeze kamera kwa akina mama na wasichana waliosimama mabarazani au madirishani. Amri ya kuinamisha macho haiondoki kwa kuwa jicho liko nyuma ya kioo. Mtu akianguka au akilia kwa hisia, teremsheni kamera. Wala msizisambaze picha kwenye simu za watu kabla mwalimu hajazipitia.

Tano, siku yenyewe nendeni wawili wawili: mmoja apige, mwenziwe amwangalie asikanyagwe wala asiizuie njia. Msikate safu. Mwalimu akipita, pigeni picha tatu au nne, kwani katika moja huenda amefumba macho. Kisha wekeni kamera chini, mumswalie Mtume (S.A.W.) pamoja na wenzenu. Na adhana ya Magharibi ikilia, kazi imekwisha.

Usiku huo huo nakilini picha kwenye kompyuta ya madrasa, na muandike majina ya waliomo na mwaka. Picha isiyo na jina, baada ya miaka ishirini, itakuwa ya mtu asiyejulikana.

Inshaallah mwaka huu mjukuu yeyote akija kutuuliza, tutakuwa na la kumpa. Wabillahi tawfiq.